Mchele, baiskeli na Dien Bien Phu: jibu kwa kijana wa Urambo

Kuna kijana wa kidato cha sita yupo Urambo ameniandikia, nakata salamu nabaki na swali lenyewe: "Mwalimu shikamoo. Tumesoma kwamba Wafaransa waliondoka Vietnam baada ya kupigwa Dien Bien Phu mwaka 1954. Sielewi jeshi lenye ndege na vifaru linapigwaje na wakulima wa mpunga. Ilikuwa ni hiyo vita moja tu au kuna nyingine kabla yake? Na kwa nini wao waliweza na Mtemi Isike wetu hakuweza, wakati na yeye alipigana na Wajerumani?"

Marahaba mwanangu. Maswali matatu hayo na yote nitayajibu ila sitafuata mpangilio wako, naanza na baiskeli, nivumilie kidogo.

Wewe ni mtu wa Urambo kwaiyo baiskeli ya mkaa sina haja ya kukueleza. Nilivokuwa na miaka kumi na tatu hivi nilikuwaga naongozana na mjomba wangu barabara ya Sikonge kuja hapa Tabora mjini, yeye anakokota baiskeli mimi nasukuma kwa nyuma. Magunia matatu, mawili yamening'inia huku na huku ya keria na moja limelala juu, yamekazwa na kamba za mpira zilizochanwa kwenye tyubu za zamani. Haendeshi, anatembea pembeni, mkono wa kushoto upo kwenye stelingi na bega la kulia limeegemea gunia la juu, na shida haikuwa uzito, shida ni pale mzigo unapoanza kulalia upande mmoja kwenye mchanga, stelingi inakukatalia kabisa, mkono mmoja hauna nguvu ya kuirudisha, na ukianguka hakuna kunyanyua mpaka ufungue kamba zote upange upya. Tulikuwa tunaanguka mara mbili mara tatu kwa safari. Mjomba haongei, anafungua tu kamba na kuanza upya, vidole vyeusi, jasho limechora mistari kwenye vumbi la mkaa usoni.

Miaka mingi baadaye nikiwa chuo nikaona picha ya mpagazi wa Kivietnam na baiskeli yake. Ni baiskeli ya Kifaransa, Peugeot, za kwao zilikuwa nyingi tu kule kwa sababu lilikuwa koloni lao. Kwenye stelingi kimefungiwa kipande kirefu cha mwanzi kimetokeza pembeni, na nyuma ya siti kuna fimbo nyingine imesimama wima, kwaiyo mtu anatembea pembeni kabisa ya mzigo, mkono mmoja unaongoza kwa ule mwanzi na mwingine unasukuma na kuweka mizani kwa ile fimbo. Fremu imeongezewa vyuma na mbao, matairi yameviringishiwa vitambaa na vipande vya tyubu yasipasuke kwenye mawe. Mzigo kilo 200, wapo waliofikisha 300 na kupita. Niliiangalia ile picha muda mrefu sana nikimfikiria mjomba, vipande viwili tu vya mwanzi na sisi tusingeanguka.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu kwa sababu jibu la swali lako la kwanza lipo hapa. Mpagazi wa mgongoni anabeba tuseme kilo 20 za mchele. Njiani lazima ale, tumpe kilo moja kwa siku. Kama mstari wa mbele upo mwendo wa siku kumi, kwenda anamaliza kilo kumi na kurudi kilo kumi, yani mzigo wote kaula mwenyewe na askari kule mbele hajaona hata punje. Huyohuyo mpe baiskeli yenye kilo 200, anakula zilezile 20, zinazofika ni 180. Umeona? Mtu ni yuleyule, njia ni ileile, ila jeshi moja linakufa njaa na lingine linakula. Babu zetu Wanyamwezi hii hesabu waliijua vizuri bila daftari, ndo maana misafara ya Bagamoyo ilikuwa inabeba vitambaa na shanga inanunua chakula kijiji kwa kijiji, frasila mbili za begani (kama kilo 32) ni mali ya biashara sio ugali wa mpagazi.

Na makamanda wa Kifaransa hesabu hiyo walikuwa nayo. Nasema hivi kwa sababu vitabu vingine vinawaonesha kama walikuwa wajinga na hawakuwa wajinga, walikuwa wanajua kabisa uwezo wa mgongo wa mtu na idadi ya malori ya adui, wakajumlisha, wakapata jibu kwamba Viet Minh, yani wale Wavietnam waliokuwa wanapigania uhuru, hawawezi kulisha jeshi kubwa kwa muda mrefu kwenye milima ile ya mpakani na Laos wala hawawezi kufikisha mizinga mizito ya kutosha. Lile jibu lingekuwa sahihi kama vitu vyote vingebaki kama walivyovihesabu.

Ila kabla ya kufika 1954 nikujibu kwanza kama ilikuwa vita moja. Hapana. Ilikuwa vita ya karibu miaka minane na ndani yake kuna mapigano makubwa kadhaa, mengine Viet Minh walipigwa vibaya sana, na usipoyajua hayo ya kupigwa huwezi kuielewa Dien Bien Phu.

Ho Chi Minh, kiongozi wa Viet Minh, alitangaza uhuru Hanoi tarehe 2 Septemba 1945, Wajapani waliokuwa wameikalia nchi wakati wa vita wakiwa wameshasalimu amri. Wafaransa wakataka koloni lao lirudi. Novemba 1946 wakaipiga kwa mizinga Haiphong, mji wa bandari, Desemba 19 mapigano yakalipuka Hanoi kwenyewe, mtaa kwa mtaa, na baada ya kama miezi miwili Viet Minh wakatoka mjini wakaenda zao milimani. Mwaka 1947 Wafaransa wakashusha askari wa miavuli kaskazini wamkamate Ho Chi Minh, wakamkosa kidogo tu. Hapo katikati ni miaka ya kuviziana, sikai sana hapo.

Mwaka 1949 Wakomunisti wakachukua nchi China na hapo kila kitu kikageuka, sasa Viet Minh wana jirani wa kuwapa silaha, kilichobaki ni mpaka tu uwe wazi. Mpaka ulikuwa unalindwa na kambi za Wafaransa zilizopangwa kwenye barabara moja ya milimani, Barabara ya Kikoloni namba 4. Septemba 1950 Jenerali Vo Nguyen Giap (huyu alikuwa mwalimu wa historia kabla ya vita, nakuambia kwa sababu na mimi ni mwalimu wa historia na jambo hilo linanipa moyo) akaipiga kambi ya katikati, Dong Khe, ikaanguka. Ukishakata katikati basi Cao Bang iliyoko mwisho wa barabara imebaki kisiwa. Wafaransa wakaamua kuiacha, msafara mmoja unatoka Cao Bang kushuka na mwingine unapanda kuupokea, wakutane njiani. Wakakutana kweli, ila porini, wamezungukwa, na wiki ya kwanza ya Oktoba misafara yote miwili ikasambaratishwa. Karibu askari 6,000 waliuawa au kutekwa, na mwezi huohuo Wafaransa wakaikimbia na Lang Son wakiacha maghala yamejaa. Mimi ningekuwa natunga mtihani ningeuliza hii kabla ya Dien Bien Phu, maana bila mpaka kuwa wazi ile mizinga ya 1954 ingepitia wapi?

Ushindi ule ukampa Giap kichwa. Januari 1951 akashuka toka milimani kwenda kupigana uwanda wazi karibu na Hanoi, sehemu inaitwa Vinh Yen. Wafaransa walikuwa wamepata kamanda mpya, de Lattre de Tassigny, akaita kila ndege aliyonayo na wakamwaga napalmu, ule moto wa majimaji unaomnata mtu mwilini, juu ya vijana waliokuwa wanakuja mawimbi kwa mawimbi. Walikufa maelfu kwa siku chache. Akajaribu tena Mao Khe mwezi Machi, akajaribu tena Mto Day mwezi Mei, kote akapigwa. Mwaka mzima umeenda hivo. De Lattre mwenyewe mtoto wake wa pekee, luteni, aliuawa hukohuko Mei 1951 na yeye akafa kwa saratani Januari 1952, kwaiyo msidhani upande wa pili walikuwa mashine tu.

Mwisho wa 1952 ikaja Na San, na hii ndo naomba uishike. Wafaransa walijichimbia kwenye uwanda wa juu milimani, wakaweka kiwanja cha ndege katikati na vikambi kuzunguka juu ya vilima, kila kitu kinaletwa kwa ndege. Giap akashambulia usiku wa Novemba 30 kuamkia Desemba 1, akapigwa na kuacha maiti nyingi kwenye seng'enge. Agosti 1953 Wafaransa wakaondoka Na San kwa ndege zao taratibu, hakuna aliyewagusa. Wakajiambia dawa tumeipata, tujenge ngome ndani kabisa ya eneo la adui, tuilishe kwa ndege, adui aje ajigonge.

Kwaiyo tarehe 20 Novemba 1953, chini ya Jenerali Navarre, kamanda wao mpya, askari wa miavuli wakashuka Dien Bien Phu. Ni bonde, urefu kama kilomita 16 au 18 hivi, lina mto na mashamba ya mpunga na kiwanja cha ndege cha zamani, liko kama kilomita 300 kutoka Hanoi. Wakaingiza mizinga, wakaingiza vifaru kumi vilivyopasuliwa vipande vikaja kuungwa palepale, wakajenga vikambi wakavipa majina ya kike, Béatrice, Gabrielle, Anne-Marie, Eliane, Dominique na wengine. Tofauti na Na San ni moja tu. Kule vilima vya kuzunguka walivishika wao. Huku vilima vya karibu tu ndo vyao, ile milima mirefu inayoangalia bonde lote waliiacha kwa sababu hesabu yao ilisema hakuna mzinga wa adui utakaofika huko, na ukifika utaonekana na kupigwa kabla haujafyatua mara ya pili. Mkuu wao wa mizinga, Kanali Piroth, mtu mwenye mkono mmoja, aliwahakikishia wenzake hivo.

Sasa rudi kwenye baiskeli zetu. Kwa hesabu za Wavietnam wenyewe walioitwa kubeba walizidi laki mbili na nusu, wanaume kwa wanawake, na baiskeli zilizidi 20,000. Wengine walitembea zaidi ya kilomita 500. Wanatembea usiku, asubuhi wanajificha chini ya miti, barabara ikipigwa bomu kuna watu wanakaa palepale kazi yao ni kufukia tu shimo. Na nikwambie ukweli wote, baiskeli hazikufanya peke yake, kulikuwa na mamia ya malori ya Kirusi kwenye barabara kubwa na hayo yalibeba tani nyingi mno, kulikuwa na mitumbwi na maboya ya mianzi kwenye mito, kulikuwa na farasi. Ila lori linakwama na baiskeli haikwami, daraja likivunjwa lori linasubiri na baiskeli inabebwa begani inavushwa. Na sio kila mpagazi alijitolea, ilikuwa ni wajibu wa kijiji, unaitwa unaenda. Wengi wao walikuwa wakulima maskini, na Desemba 1953 serikali ya Ho Chi Minh ilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya mabwanyenye. Mtu anayesukuma kilo 200 mlimani akijua kuna kipande cha shamba la mpunga kinamsubiri nyumbani anasukuma tofauti na mtu anayesukuma kwa kiboko. Hilo Wafaransa hawakuwa na pa kuliandika kwenye hesabu yao.

Mizinga je? Ile mizito ilikuwa ya milimita 105, ya Kimarekani kwa asili yake, ilipita mikononi mwa Wachina ikafika kwa Giap. Mmoja una uzito wa zaidi ya tani mbili. Lori linaufikisha karibu, alafu baada ya hapo ni kamba na mikono, watu kwa makumi wanavuta kupanda, na kwenye mteremko wanaushikilia usikimbie, mtu anaweka gogo chini ya tairi hatua kwa hatua. Wavietnam mpaka leo wanamkumbuka askari anaitwa To Vinh Dien, kamba ilikatika mzinga wa kutungulia ndege ukaanza kuteleza gizani akajitupa chini ya tairi ausimamishe kwa mwili wake.

Kisha Januari 1954 kila kitu kiko tayari, shambulio limepangiwa tarehe 25, likasogezwa 26, mpango ni kumaliza haraka kwa siku chache kama walivyoshauriwa na Wachina. Giap hakulala. Aliangalia bonde akaona Wafaransa wameongezeka, akakumbuka Vinh Yen, akakumbuka Na San, na tarehe 26 masaa machache kabla ya kuanza akafuta shambulio. Akaamuru mizinga yote itolewe, ivutwe kurudi nyuma. Hebu fikiria wewe ni yule kijana umevuta tani mbili usiku kucha kwa wiki nzima, unaambiwa vuta urudishe. Mwenyewe baadaye alisema ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote maishani mwake. Mimi naamini ushindi wa vita ile ulipatikana siku hiyo, siku ambayo haikupigwa risasi ya maana, na wanafunzi wangu huwa nawaambia hivo kila mwaka wanabisha, wabishe tu.

Zikapita karibu wiki saba. Wakachonga barabara mpya za mizinga, safari hii wakaichimbia kila mzinga chumba chake ndani ya ubavu wa mlima, mdomo tu ndo unaangalia bonde, umefunikwa majani, unafyatua unarudi ndani. Wakatengeneza na ya uongo ya magogo ili ndege zipoteze mabomu. Na wakaanza kuchimba mahandaki kwa majembe ya kawaida ya shamba kuelekea kwenye vikambi.

Tarehe 13 Machi jioni milima ikafyatua yote kwa pamoja. Béatrice, iliyokuwa inashikiliwa na Jeshi la Kigeni, wale mamluki wa Kifaransa ambao wengi wao walikuwa Wajerumani, ikaanguka usiku huohuo. Gabrielle ikaanguka asubuhi ya tarehe 15. Mizinga ya Piroth ilijibu lakini haikuona inajibu nini, na yeye aliyekuwa amewahakikishia wenzake akaingia handakini kwake tarehe 15 hiyohiyo akajilipua kwa bomu la mkono. Anne-Marie ikafuata siku mbili baadaye. Na kiwanja cha ndege sasa kinaonekana chote toka juu, mwisho wa Machi hakuna ndege inayoweza kutua na kuruka tena, majeruhi hawatoki, kila kitu kinadondoshwa kwa miavuli, na mizinga ya kutungulia ndege imewekwa kuzunguka kwaiyo marubani wanapita juu sana, basi mizigo mingi inawaangukia Viet Minh. Wale waliojenga ngome wakitegemea anga sasa anga limefungwa, na wale waliodharauliwa kwa kutembea kwa miguu mchele wao unafika kila usiku.

Kuanzia Machi 30 ikawa ni kugombania vilima vya mashariki, Eliane na Dominique, kilima kinachukuliwa usiku kinarudishwa asubuhi. Viet Minh walikufa wengi mno hapo, mpaka mwezi Aprili morali ilishuka na Giap ikabidi atulize, arudi kwenye jembe, handaki lisogee mita chache kila usiku mpaka unasikia adui anakohoa. Mvua zikaanza. Wewe unazijua mvua za huku kwetu zinavyofanya udongo, sasa weka maelfu ya watu kwenye mashimo kwenye udongo huo, majeruhi wamelala kwenye maji. Mwisho wakachimba shimo la chini kwa chini mpaka chini ya kilima cha Eliane 2, wakajaza karibu tani moja ya baruti na usiku wa Mei 6 wakakilipua. Kesho yake, Mei 7, jioni, bendera ya Viet Minh ikapandishwa juu ya handaki la de Castries, kamanda wa ngome, ambaye walikuwa wamempandisha cheo kuwa brigedia jenerali akiwa humohumo ndani, amezingirwa. Siku 56 toka tarehe 13 Machi. Walitekwa zaidi ya 10,000, wakatembezwa kwa miguu mamia ya kilomita wengi wao wakiwa wagonjwa na majeruhi, na waliorudi makwao hawafiki hata nusu, ni kama 3,300 tu. Hilo nalo liandikwe, ushindi haufuti watu waliokufa njiani.

Mei 8, siku moja baadaye, mazungumzo ya Indochina yakafunguliwa Geneva. Julai 21 wakamaliza, Wafaransa wanaondoka kaskazini, nchi inakatwa katikati kwenye nyuzi ya 17, na ule mkato ndo uliozaa vita ya pili na Wamarekani, ambao hata hii ya kwanza sehemu kubwa ya gharama zake walikuwa wanalipa wao.

Kabla sijaenda kwa Isike, kuna jambo la Afrika hapa ambalo vitabu vyenu vya kidato cha sita vinalipita haraka. Waliokuwa ndani ya bonde sio Wafaransa watupu. Gabrielle ilishikiliwa na batalioni ya Waaljeria. Kulikuwa na Wamorocco, kulikuwa na watu wa Afrika Magharibi, vijana wa koloni moja wametumwa kulinda koloni lingine. Novemba 1, 1954, miezi isiyofika sita toka bendera ile ipande, Aljeria ikaanzisha vita yake ya uhuru. Na angalia hizi tarehe, Mei 7, 1954 Dien Bien Phu inaanguka, Julai 7, 1954 TANU inazaliwa Dar es Salaam. Sisemi moja ilizaa nyingine, sisi njia yetu ilikuwa kura na mkutano, na kura yenyewe iliamuliwa hapahapa Tabora Januari 1958. Nasema tu huo mwaka ulikuwa mwaka wa aina yake.

Sasa Isike, mtemi wa Unyanyembe, hapahapa Tabora. Wewe umeuliza kwa nini yeye hakuweza. Kwanza usimpunguze, mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma lake zaidi ya mara moja na likawashinda, haikuwa kazi ya siku moja. Januari 1893 wakaja na Luteni Tom von Prince, wakaingia, na Mtemi alipoona wameshaingia akajilipua na ghala lake la baruti kuliko kukamatwa. Ukiliweka boma lile pembeni ya Dien Bien Phu utaona kitu ambacho mimi kilinichukua miaka kukiona, Isike alikuwa kwenye nafasi ya Wafaransa. Yeye ndo aliyekuwa ndani ya ngome, ndani ya kuta nene, anasubiri, na adui ndo aliyekuwa nje anachagua siku, akishindwa leo anarudi kujipanga, anakuja tena. Hata wale wa 1951 walioshindwa Vinh Yen walikuwa na pa kurudi. Isike alikuwa na boma.

La pili linaniuma zaidi. Hakuna nchi huku Afrika Mashariki iliyokuwa na wapagazi kama Unyamwezi, maelfu kwa maelfu kila mwaka wanashuka pwani na kupanda, watu wanaojua kila kisima na kila kijiji cha kununua uwele, yani kile kitu alichokitumia Giap sisi tulikuwa nacho tayari miaka sitini kabla yake. Ila mpagazi wetu alikuwa mtu wa ujira, anabeba mzigo wa anayemlipa, iwe pembe ya Mwarabu iwe sanduku la mmisionari, na mtemi hakuwa na namna ya kumwambia sasa tubebe vya kwetu, watemi wenyewe walikuwa hawapatani, na Wajerumani walijua kuwachonganisha. Baadaye vita ya kwanza ya dunia ilipokuja watu wetu walibebeshwa tena, safari hii kwa nguvu, Wajerumani huku na Waingereza kule, jina la Kariakoo limetoka kwenye hicho kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza.

Ukifika Tabora nenda stesheni, ukilitazama lile jengo kumbuka kwamba reli ilifika hapa 1912. Isike alikufa 1893. Hakukuwa na treni wala barabara ya lori, kwaiyo kila sanduku la risasi lililopigwa kwenye boma lake lilitoka pwani kwa miguu, miezi njiani, kwenye bega la mpagazi, na wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi.